Memori kadi ikiharibika, kamera ikagoma: Pa kuanzia kabla ya kwenda kwa fundi

Kamera ya kidijitali inayogoma baada ya memori kadi kuharibika mara nyingi huwa nzima. Kilichoharibika huwa ni kadi, au orodha ya mafaili iliyomo ndani ya kadi, au pini moja katika tundu ambamo kadi huingia. Tatizo ni kwamba dalili za mambo haya matatu hufanana na dalili za kamera mbovu kweli: kioo kinaganda, taa ya kuandikia inawaka bila kuzima, kitufe cha kupigia hakiitikii, au kamera haiwaki kabisa. Mwenye kamera akishindwa kuyatofautisha, huishia kufanya moja kati ya makosa mawili. Ama anafomati kadi papo hapo na kupoteza picha za harusi ya watu, ama anaipeleka kamera ikafunguliwe kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kubadilisha kadi.

Ukaguzi unaofaa una mpangilio wake. Kadi hutolewa, picha huokolewa, kamera hupimwa kwa kadi nyingine, kisha tundu la kadi hukaguliwa. Kila hatua hujibu swali moja, na kufomati huja mwisho.

Kilichomo ndani ya kadi

Kadi zinazotumika zaidi kwenye kamera ni za aina ya SD, zilizotangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu: SanDisk, Matsushita (ambayo leo ni Panasonic) na Toshiba. Kadi ya SD ina urefu wa milimita 32, upana wa milimita 24 na unene wa milimita 2.1. Mgongoni ina vipande tisa vya mguso vya rangi ya dhahabu. Zile za kasi kubwa, UHS-II, zina safu ya pili ya vipande hivyo. MicroSD, iliyo ndogo zaidi, hutumika kwenye simu, droni na kamera ndogo, na huweza kuingia kwenye kamera kubwa kwa kutumia adapta. Kamera nyingi za kitaalamu za miaka ya nyuma zilitumia CompactFlash, kadi iliyoanzishwa na SanDisk mwaka 1994. Hii haina vipande vya mguso vya nje. Ina matundu 50 membamba ukingoni, na pini 50 zilizo ndani ya kamera ndizo zinazoingia humo.

Ndani ya ganda la plastiki mna vitu viwili: chipu ya kumbukumbu na kidhibiti. Chipu hiyo ni ya aina ya NAND, teknolojia iliyotokana na kazi ya mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980. Huhifadhi taarifa kwa kunasa chaji za umeme katika vyumba vidogo mno, nazo hubaki humo hata kadi ikiwa imetolewa kwenye kamera. Lakini kila chumba kina kikomo cha mara kinazoweza kufutwa na kuandikwa upya. Kazi ya kidhibiti ni kugawanya uandishi huo ili sehemu moja isichakae mapema kuliko nyingine, na kuziweka kando sehemu zilizokwisha kufa. Kidhibiti chenyewe kikifa, kadi haisomeki hata kama chipu ni nzima.

Juu ya vifaa hivyo upo mfumo wa mafaili. Kadi za SD za kawaida, hadi gigabaiti 2, hutumia mfumo wa FAT16. SDHC, za zaidi ya gigabaiti 2 hadi 32, hutumia FAT32. SDXC, za zaidi ya gigabaiti 32 hadi terabaiti 2, hutumia exFAT. Kamera hutengeneza folda iitwayo DCIM, na ndani yake folda nyingine zenye namba kuanzia 100 hadi 999. Kila picha hupewa namba isiyozidi 9999. Utaratibu huu ulikubaliwa na watengenezaji mwaka 1998, na ndiyo sababu kamera za kampuni tofauti hupanga picha kwa namna inayofanana.

Pamoja na picha, mfumo wa mafaili huweka jedwali linaloonyesha kila faili linaanzia wapi na vipande vyake vingine viko wapi. Jedwali hilo likivurugika, picha zenyewe hubaki palepale. Daftari la madeni la mwenye duka likiungua, sukari na unga bado vimo majumbani mwa wateja. Kilichopotea ni kumbukumbu ya nani alichukua nini. Programu za kuokoa picha hufanya kazi kwa sababu ya ukweli huu, na kwa sababu hiyohiyo kadi iliyoharibika haitakiwi kuandikwa kitu kipya.

Namna kadi inavyoharibika

Namna ya kwanza ni kuvurugika kwa jedwali, na hutokea zaidi kadi inapotolewa au betri inapoisha wakati kamera bado inaandika. Kamera huweka picha kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, kisha huzihamishia kwenye kadi. Mpiga picha aliyepiga mfululizo wakati bibi harusi anaingia ukumbini anaweza kudhani kazi imekwisha kwa kuwa shata imenyamaza, kumbe taa ndogo karibu na kifuniko cha kadi bado inamulika. Akifungua kifuniko wakati huo, anakatisha uandishi katikati.

Video huumia zaidi. Faili la MP4 au MOV huwa na sehemu ya faharasa, ambayo kamera nyingi huiandika mwishoni, mpiga picha anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, faili huwa na picha na sauti zote zilizokwisha kurekodiwa, lakini programu za kuchezea video hushindwa kulifungua.

Virusi vya kompyuta navyo huingia katika kundi hili. Kadi inayochomekwa leo kwenye kompyuta ya studio ya kusafishia picha, kesho kwenye mgahawa wa intaneti, inaweza kuokota kirusi kinachoficha folda na kuweka badala yake njia za mkato zenye majina yaleyale. Kamera ikirudishiwa kadi hiyo huweza kusema hakuna picha, ilhali nafasi iliyobaki inaonyesha kadi imejaa. Picha hapo hazijafutwa; zimefichwa tu.

Namna ya pili ni kuchakaa. Kadi iliyofikia kikomo cha kuandikwa wakati mwingine hujifunga ibaki ya kusomwa tu. Dalili yake huwashangaza wengi: picha zinafutwa, kamera inakubali, lakini kadi ikitolewa na kurudishwa, picha zilezile zimerudi. Hata kufomati huonekana kumefanikiwa, kisha kila kitu kinakutwa kama kilivyokuwa. Kadi ya namna hii haitengenezeki. Uzuri wake ni kwamba picha zilizomo husomeka, hivyo zinakiliwe mara moja.

Namna ya tatu ni kuvunjika. Kadi nyingi za SD ni maganda mawili yaliyogundishwa, na hupasuka ukingoni kwa kukaa mfukoni au kubanwa kwenye pochi. Vigawanyo vyembamba vya plastiki vilivyo kati ya vipande vya mguso navyo hukatika na kubaki ndani ya kamera. Kitufe kidogo cha kufungia, kilicho ubavuni mwa kadi, hulegea au kudondoka. Kikikosekana kabisa, kamera huichukulia kadi kuwa imefungwa na kukataa kuandika. Kwa wanaofanya kazi pwani, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, hewa ya chumvi na jasho la vidole huongeza tatizo la kutu na utando kwenye vipande vya mguso.

Namna ya nne si uharibifu hasa, ni udanganyifu. Kadi bandia hurekebishwa ndani ili iiambie kamera kwamba ina gigabaiti 128, ilhali chipu iliyomo ni ya gigabaiti 8. Picha za mwanzo hutoka vizuri. Kadi ikijaa kiasi chake halisi, picha zinazofuata huandikwa hewani au juu ya nyingine. Zikifunguliwa, nusu ya picha ni ya kijivu, au jina lipo bila kitu ndani. Mwenye nayo hudhani kamera imeharibika, kwa kuwa kadi ilifanya kazi vizuri wiki nzima.

Kamera inasema nini

Ujumbe unaotokea kwenye kioo ni ushahidi wa kwanza, na unafaa kuandikwa au kupigwa picha kwa simu kabla ya kuzima kamera. Kwenye kamera nyingi za Canon za EOS, Err 02 ina maana kwamba kadi haifikiki. Err 01 inahusu mawasiliano kati ya lenzi na kamera. Err 04 inasema kadi imejaa. Err 99 na namba za makumi kama Err 20 au Err 30 ni hitilafu za kamera zinazozuia upigaji, na hatua ya kwanza hapo ni kuzima, kutoa betri na kuirudisha. Kwenye kamera nyingi za Nikon, herufi CHA zinazomulika huonyesha kadi yenye hitilafu, For huonyesha kadi ambayo haijafomatiwa, na E iliyo kati ya vistari huonyesha kuwa kamera haioni kadi yoyote. Kamera ndogo za Sony za Cyber-shot hutumia namba: C:13 inahusu kusoma na kuandika kwenye kadi, na C:32 inahusu kifaa chenyewe.

Tofauti kati ya jumbe hizi ina uzito. Kamera inayosema kadi haijafomatiwa imeweza kuwasiliana na kadi, ila haielewi kilichoandikwa humo. Hilo linaelekeza kwenye jedwali lililovurugika. Kamera inayosema hakuna kadi, ilhali kadi imo, haijapata mawasiliano kabisa. Hilo linaelekeza kwenye vipande vya mguso, pini, au kidhibiti kilichokufa.

Kuna pia kadi isiyo na kosa lolote inayokataliwa kwa kuwa kamera ni ya zamani. Muundo wa SDHC ulitoka mwaka 2006 na SDXC mwaka 2009; kamera iliyotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida haizitambui. Anayebadilisha kadi ndogo iliyokufa kwa kadi kubwa mpya anaweza kukutana na ujumbe uleule wa hitilafu, akahitimisha kwamba kamera nayo imekufa.

Hatua ya kwanza: kadi itoke

Kamera iliyoganda huzimwa kwa swichi. Ikikataa kuzima huku taa ya kuandikia ikiwaka, hupewa dakika chache, kwa kuwa huenda bado inajaribu kumaliza kuandika. Ikiwa hakuna mabadiliko, betri hutolewa, kisha kadi. Kadi yenye joto kali mkononi huenda ina njia ya umeme iliyogusana ndani yake. Kadi hiyo isiingizwe tena kwenye kamera yoyote, kwa sababu huvuta umeme kupita kiasi na inaweza kuunguza sehemu za bodi.

Baada ya dakika kadhaa betri iliyochajiwa vizuri hurudishwa, kamera ikiwa haina kadi. Hapa ndipo jibu kubwa la kwanza hupatikana. Kamera ikiwaka, menyu zikafunguka na kioo kikaonyesha kilicho mbele ya lenzi, basi sehemu kubwa ya kamera ni nzima na tatizo liko kwenye kadi au njia yake. Kamera isipowaka hata bila kadi, huangaliwa kwanza betri, kisha kifuniko cha kadi. Kamera nyingi zina swichi ndogo inayobonyezwa na kifuniko kinapofungwa; kijino cha plastiki kikivunjika, kamera huamini kifuniko kiko wazi na hukataa kufanya kazi.

Kamera nyingi huweza kupiga bila kadi iwapo mpangilio huo umeruhusiwa kwenye menyu. Picha huonekana kwenye kioo kwa muda lakini haihifadhiwi popote. Mpangilio huo unafaa kwa majaribio, na baada ya majaribio uzimwe, maana wapo waliopiga sherehe nzima bila kadi.

Hatua ya pili: picha kwanza

Kadi iliyotolewa hufungwa kwa kitufe chake cha ubavuni ili isiandikwe, kisha huchomekwa kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Isijaribiwe kwenye kamera ya pili. Kisoma kadi ni cha bei ndogo na hakina cha kupoteza. Kamera nzima ya rafiki inaweza kuharibiwa na kadi iliyovunjika.

Kompyuta ikiuliza kama kadi ifomatiwe, jibu ni hapana. Ikionyesha njia za mkato badala ya folda, picha huenda zimefichwa na kirusi. Kompyuta ikaguliwe kwa programu ya kuondoa virusi, mafaili yaliyofichwa yaonyeshwe, kisha folda ya DCIM inakiliwe. Ikisema kadi haisomeki lakini ukubwa wa kadi unaonekana kama ulivyoandikwa kwenye lebo, matumaini ni makubwa: chipu na kidhibiti vinafanya kazi, na kilichoharibika ni jedwali. Ukubwa ukionyeshwa kuwa sifuri, au kadi isitambuliwe kabisa na visoma kadi viwili tofauti, kidhibiti ndicho kilichokufa. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Kinachobaki ni maabara yenye vifaa vya kusoma chipu moja kwa moja, na gharama yake hufaa tu kwa picha zisizoweza kupigwa tena.

Kadi inayosomeka kwa tabu hunakiliwa yote kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, iwe faili moja kubwa kwenye diski ya kompyuta. Programu ya ddrescue hufanya hivyo kwa kuruka sehemu ngumu na kuzirudia baadaye. Uokoaji hufanyika kwenye nakala hiyo, kwa sababu kadi inayokufa huweza kuzima kabisa katikati ya kazi.

PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Christophe Grenier, haitegemei jedwali la mafaili. Inapitia kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Inatambua pia mafaili ya RAW ya Canon, Nikon na Sony. Kwa kuwa majina yalikuwa kwenye jedwali lililopotea, picha hurudi na majina mapya yenye herufi f na tarakimu. Tarehe na saa ya kupigwa hubaki ndani ya picha yenyewe, hivyo zinaweza kupangwa upya. Video ndefu hurudi kwa shida, maana vipande vyake huwa vimetawanyika na programu haina jedwali la kuviunganisha.

Sharti moja halina msamaha: kinachookolewa kihifadhiwe kwenye diski ya kompyuta au diski ya nje. Kukihifadhi kwenye kadi ileile ni kuandika juu ya picha ambazo bado hazijafikiwa. Programu ya Windows ya kurekebisha diski, chkdsk, nayo isiwe ya kwanza kuitwa. Huandika mabadiliko kwenye kadi yenyewe, na mara nyingine hugeuza picha kuwa vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK.

Hatua ya tatu: kadi nzima ndani ya kamera

Picha zikiwa salama, kamera hupimwa kwa kadi nyingine inayojulikana kuwa nzima, ya ukubwa unaokubaliwa na kamera hiyo, na isiyo na picha za thamani. Kadi hiyo hufomatiwa ndani ya kamera, si kwenye kompyuta wala simu. Kompyuta huweza kufomati kwa mfumo ambao kamera haiujui, kama NTFS, na hapo hitilafu mpya huongezwa juu ya ile ya zamani.

Kisha hupigwa picha kadhaa moja moja, halafu mfululizo, halafu video fupi. Kamera huzimwa, huwashwa, na picha huangaliwa kwenye kioo na kwenye kompyuta. Zikiwa kamili zote, uchunguzi umekwisha: kadi ya kwanza ndiyo mbovu. Ikiwa kadi nzima nayo inakataliwa, lawama huhamia kwenye tundu la kadi.

Hitilafu moja huweza kupotosha hapa. Kamera huendelea kuhesabu kutoka namba kubwa iliyoikuta kwenye kadi. Kadi yenye jedwali lililovurugika au mafaili yaliyobadilishwa majina huweza kuisukuma hesabu hadi folda ya 999 na picha ya 9999. Kamera nyingi zikifika hapo hufunga shata hata kama kadi mpya ina nafasi tele. Dawa yake imo kwenye menyu: kuanzisha upya hesabu ya mafaili, kisha kufomati kadi.

Mipangilio iliyovurugika husafishwa kwa kurudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani. Baadhi ya kamera za zamani, kama Canon EOS 40D, zina betri ndogo ya CR2016 inayotunza tarehe na saa. Ikichoka, kamera huuliza tarehe kila betri kubwa inapobadilishwa, jambo lisilo na uhusiano na kadi.

Hali ni nyingine iwapo kadi ilikufa wakati programu ya ndani ya kamera ikisasishwa. Faili la usasishaji husomwa kutoka kwenye kadi. Usomaji ukikatika katikati, kamera huweza kubaki na programu nusu na isiwake tena. Hiyo ni kazi ya kituo cha huduma cha mtengenezaji.

Hatua ya nne: tundu la kadi

Tundu hukaguliwa betri ikiwa nje, kwa tochi na kioo cha kukuzia. Ndani ya tundu la SD huonekana safu ya springi nyembamba za rangi ya dhahabu, zote zikiwa na kimo kimoja na nafasi sawa kati yake. Iliyolala chini kuliko wenzake, iliyopinda pembeni au iliyokosekana ndiyo inayokata mawasiliano. Wakati mwingine kinachoonekana ni uzi wa plastiki mweupe au mweusi uliolala juu ya springi mbili: ni kigawanyo kilichokatika kwenye kadi ya zamani. Huo hutolewa kwa kibano cha plastiki, ukivutwa kuelekea nje, bila kugusa springi.

Kwenye tundu la CompactFlash, pini zimesimama katika safu mbili za pini 25. Moja iliyopinda hufichika kwa urahisi, na kadi ikisukumwa kwa nguvu huigandamiza hadi iguse ya jirani. Kugusana huko huweza kuifanya kamera izime kila kadi inapoingia. Pini iliyopinda kidogo huweza kunyooshwa na mkono mtulivu. Iliyokunjika kabisa hukatika ikinyooshwa, na ni bora iachiwe fundi.

Vumbi huondolewa kwa pampu ya mpira ya kupulizia. Kupuliza kwa mdomo huingiza unyevu. Vipande vya mguso vya kadi husafishwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha huachwa vikauke. Petroli na tina huyeyusha plastiki, na ufutio wa penseli hukwangua dhahabu na kuacha makombo yanayoingia ndani ya kamera.

Kamera inayosema kila kadi imefungwa, hata zile zenye kitufe kilichofunguliwa, ina hitilafu kwenye swichi ndogo iliyo ndani ya tundu. Kitufe cha kadi hakina waya wowote. Ni kipande cha plastiki ambacho swichi hiyo hukipapasa. Kadi moja ikikataliwa, kosa ni la kadi. Zikikataliwa tatu, kosa ni la swichi.

Zamu ya fundi

Mwenye kamera hatakiwi kuifungua mwenyewe. Kamera yenye flashi ina kapasita inayohifadhi umeme wa takribani volti 300, na umeme huo hubaki humo hata baada ya betri kutolewa. Fundi mwenye uzoefu huutoa kwanza ndipo aguse kitu kingine.

Kubadilisha tundu la kadi ni kazi ya kulehemu miguu midogo iliyopangwa karibu sana juu ya bodi. Kwenye kamera nyingine tundu liko kwenye bodi ndogo inayoondolewa peke yake. Kwenye nyingine liko juu ya bodi kuu, na hapo kosa dogo huigharimu kamera yote. Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kukubaliana bei ni mawili: kama atabadilisha tundu tu au bodi nzima, na kama kipuri ni kipya au kimetolewa kwenye kamera nyingine. Majibu yalinganishwe na bei ya kamera kama hiyo iliyotumika. Kamera ipelekwe bila kadi ya kazi, kwani picha za wateja hazina sababu ya kukaa kwenye kibanda cha fundi.

Kadi isifike huko tena

Kamera izimwe na taa ya kuandikia iachwe izime kabla ya kifuniko kufunguliwa. Betri ibadilishwe kabla haijafika mwisho, hasa wakati wa kurekodi video. Picha zifutwe kwa kufomati ndani ya kamera baada ya kunakiliwa sehemu mbili, badala ya kufutwa moja moja au kupitia simu. Kadi moja isizunguke kati ya kamera, simu na redio ya gari. MicroSD ndani ya adapta inafanya kazi, lakini adapta huongeza sehemu nyingine ya mguso inayoweza kulegea, hivyo kadi kamili ya SD ni bora kwa kazi ya malipo.

Kadi mpya ipimwe kabla ya kwenda kazini. H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux na Mac huijaza kadi yote kisha huisoma upya, na kadi bandia haifichiki mbele ya kipimo hicho. Kazi kubwa igawanywe katika kadi mbili au tatu za wastani badala ya kuwekwa yote kwenye moja kubwa. Kamera yenye matundu mawili, kama Nikon D7000 ya mwaka 2010 au Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012, ipangwe iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja.

Kadi iliyovurugika jedwali kwa sababu inayojulikana, kama kutolewa mapema au betri kuisha, inaweza kurudi kazini baada ya kufomatiwa na kupimwa. Iliyopoteza picha bila sababu, iliyopasuka, iliyopata joto au iliyokataa kufutwa isirudi. Ivunjwe na kutupwa, ili isiokotwe na mtu mwingine pamoja na picha zilizomo. Kadi nyingine hununuliwa kwa sehemu ndogo ya bei ya kamera. Harusi ya mteja hairudiwi.